Rimu kumi na moja za fundi: kisa cha njia ya baiskeli isiyopitika

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea Dar es Salaam, kwenye barabara moja inayounganisha makazi na soko. Majina ya barabara, kata, kikundi na watu nimeyaondoa, miezi nimeisogeza kidogo, na idadi ya vyombo tulivyohesabu barabarani nimeiacha, maana anayeijua barabara ile angeitambua kwa tarakimu zake. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha waendesha baiskeli, kwa hiyo makosa mengi utakayoyasoma humu yana mwandiko wangu.

Barabara ilivyokuwa

Zamani ilikuwa lami nyembamba yenye vumbi pande zote. Ikapanuliwa. Kazi ilipokwisha tukawa na lami safi, mitaro ya zege yenye mifuniko, taa za sola, na kila upande ukanda wa vitofali vyekundu wenye mchoro wa baiskeli. Hakuna aliyeuliza ule mchoro ni wa nini. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kubeba abiria kwenye njia yao wenyewe kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, watu wa jiji hili wameshaona kwamba baiskeli nayo inaweza kutengewa mahali pake.

Haikupita miezi mingi ukanda ukapata wenyewe. Mwanzoni mwa barabara, bodaboda. Katikati, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zinazosubiri saruji. Karibu na soko, akina mama wa mboga na vijana wa viatu vya mtumba. Kwenye kituo cha daladala hata hapakuhitajika mvamizi: kibanda cha abiria kilijengwa juu ya ukanda wenyewe. Vitofali vyekundu vinaingia chini ya benchi na kutokea upande wa pili, kana kwamba baiskeli inatakiwa ipite katikati ya miguu ya watu waliokaa.

Waendesha baiskeli wa barabara ile ni wa namna nyingi. Kuna wauza madafu wenye matenga mawili ubavuni na mzigo mwingine juu ya kerea. Kuna kijana wa mikate na sanduku lake la mbao, wabeba mkaa, mafundi, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, wanafunzi wachache wa sekondari. Halafu tupo sisi wa Jumamosi, wenye helmeti na baiskeli za gia, tunaofanya mazoezi na kurudi nyumbani kunywa chai. Kikundi kilianzishwa na hao wa mwisho, na hilo lina uzito kwa yote yanayofuata.

Asubuhi ya ajali

Muuza madafu mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anatoka kuchukua mzigo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa kwenye ukanda wake, kama mchoro unavyomtaka. Alipofika kwenye maduka ya vifaa akakuta kirikuu imeziba njia yote. Baiskeli yenye madafu hairudi nyuma. Ukijaribu peke yako inakulalia. Akashika breki, akashuka, akaivusha juu ya mfuniko wa mtaro, akaingia lami. Alikuwa ndiyo kwanza amepanda tena, hajakaza mwendo, daladala ikampiga begani kwa kioo cha pembeni. Mguu ukavunjika chini ya goti. Madafu yakabingirika mpaka ng'ambo.

Waliomwinua ni bodaboda wa kijiwe cha pale pale. Mmoja alivua fulana akamfungia mguu na kipande cha ubao wa sanduku, mwingine akasimamisha bajaji, wa tatu akaenda polisi kufuata PF3, fomu ya kumtibia majeruhi. Askari alipokuja kumhoji, swali lake la kwanza, kwa mujibu wa mzee mwenyewe, lilikuwa hili: "Mzee wangu, njia yako si ipo? Barabarani ulifuata nini?"

Siku ya tatu mwenye gari na dereva walifika wodini na mfuko wa machungwa. Wakalipia matibabu, wakaacha fedha ya matumizi, wakaomba yaishe. Yakaisha. Gari lile lilikuwa na bima ya mtu wa tatu, kama sheria inavyotaka kwa kila gari, na mzee alikuwa na haki ya kudai fidia kupitia bima hiyo. Lakini dai linataka ripoti ya polisi, ripoti inataka shauri, na shauri linataka mtu mwenye nauli ya kwenda na kurudi hali mguu umo kwenye plasta. Kumalizana kule kulikuja kutugharimu kwa namna ambayo hakuna aliyeiona siku ile.

Miezi minne ya mwanzo

Habari zilitufikia kwenye WhatsApp ya kikundi, pamoja na picha ya madafu barabarani. Tulikasirika, tukaanza kazi siku hiyo hiyo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa barua. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Za wilaya na za mitaa mijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Sisi hatukuuliza yetu ni ya nani. Tuliitazama ukubwa wake, tukakisia, tukakosea. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya adabu kutueleza kwamba tumepiga hodi nyumba ya jirani. Siku zote hizo bango la mradi lilikuwa limesimama mwanzoni mwa barabara, na jina la mwenye kazi, la mkandarasi, la mhandisi mshauri, na tarehe ya kuanza na kumaliza. Nusu yake ilikuwa imefunikwa na tangazo la mganga wa kurudisha wapenzi. Nililibandua kwa kucha zangu mwenyewe huku mpita njia mmoja akiniuliza kama nimeshampata niliyempoteza.

Uamuzi wa pili ulikuwa msafara, Jumamosi iliyo karibu na 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya mkusanyiko wa namna hiyo angalau saa 48 kabla. Tulipeleka wiki mbili kabla, tukapewa trafiki wawili wa kutuongoza. Fulana za kijani, maji ya chupa, televisheni moja. Siku ilipendeza. Muuza madafu hata mmoja hakuwepo, kwa kuwa saa nne ya Jumamosi ndiyo saa watu wana kiu.

Uamuzi wa tatu ndio uliotuponza. Tuliiandikia kata kwamba "wavamizi wa njia ya baiskeli waondolewe". Neno "wavamizi" nililichagua mimi; katika rasimu ya mwenzangu palikuwa na "wafanyabiashara na bodaboda", nikaona halina makali. Mgambo walikuja Jumanne. Mama ambaye mchicha wa nyumbani kwangu unatoka kwake alimwagiwa mafungu yote mtaroni. Pikipiki kadhaa zilipakiwa kwenye gari na kupelekwa kulipiwa faini. Ukanda ukawa mweupe kwa siku tisa.

Siku ya kumi wote walirudi, na chuki wakaja nayo. Binti mmoja wa kikundi alipita na fulana ya kijani akazomewa: "Nyie ndio mliotuletea mgambo!" Tungejibu nini? Ni kweli tuliwaleta.

Ila kilichotuzindua hakikuwa kuzomewa. Katika zile siku tisa, wenzetu wawili walikaa kwenye genge la chipsi asubuhi na jioni wakihesabu baiskeli. Ukanda ulikuwa wazi, umefagiwa, hakuna mtu, na bado baiskeli zilipita barabarani. Walinzi, mikate, mkaa, wote lami. Tulikuwa tumemwaga mchicha wa watu kufungua njia ambayo hakuna aliyeitaka.

Ukuta wa fundi

Jibu lilipatikana kwa bahati. Mjumbe mmoja alipeleka gurudumu lake kwa fundi baiskeli anayefanyia kazi chini ya mkungu, nyuma ya msikiti. Kwenye ukuta wa mabati nyuma ya fundi kulikuwa na rimu zimetundikwa kwa misumari, zote zimepinda, moja imejikunja mpaka inafanana na nane.

"Fundi, hizi za mapambo?"

"Za waliogongwa. Natoa spoki kidogo kidogo, zikiisha nauza chuma chakavu."

Zilikuwa kumi na moja, na fundi alikuwa anaijua kila moja kwa mwenyewe. Hii ya kijana wa mikate, alfajiri ya mvua. Ile ya mlinzi, alikanyaga pasipo na mfuniko. Ile iliyojikunja kama nane ni ya mzee wa madafu.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeomba kuona kumbukumbu za ajali za barabara yetu. Tuliyoonyeshwa yalikuwa magari na pikipiki. Baiskeli karibu hazikuwemo, na ya mzee haikuwemo kabisa. Sioni kama kuna mtu aliyeficha kitu. Zilimalizwa kindugu, na linalomalizwa kindugu haliandikwi. Kwa mujibu wa daftari, barabara yetu ilikuwa salama kwa baiskeli kuliko ua wa nyumba.

Kaka mmoja wa kikundi aliichora barabara kwenye kadibodi la jokofu. Tukampa fundi vifuniko vya soda, aweke kimoja kila mahali palipopindisha rimu. Vitatu viliangukia kituo cha daladala. Vitatu kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Vinne vikarundikana mahali ambapo hatukuwa tumepataja kwenye barua yoyote, hakuna bodaboda wala meza: pale ukanda unapokatwa na mtaa wa pembeni. Cha kumi na moja kilikuwa peke yake, karibu na soko.

Tukaenda tukapiga magoti. Ukanda uliishia kwenye ukingo wa zege uliosimama wima, urefu wa kiganja kilichonyanyuliwa. Hatua mbili mbele yake mfuniko wa mtaro haukuwepo, na mtu mwema alikuwa amechomeka tawi la mwarobaini humo kuwa alama. Baiskeli tupu unaiinua, unaruka, unaendelea. Ndiyo maana sisi wa Jumamosi hatukuwahi kupaona. Yenye matenga huiinui. Unashuka, unatafuta pa kupenya, unatokea barabarani pale pale magari yanapokata kona. Ingia mtaa wa kwanza, shuka. Mtaa wa pili, shuka. Mtu aliyelipia madafu kwa mkopo wa asubuhi hawezi kushuka mara saba, kwa hiyo haingii huko tangu mwanzo.

"Nyie mnalalamikia watu," fundi alisema akiwa anakaza spoki, hakututazama. "Watu wamekaa pale kwa sababu hakipiti kitu."

Kikao cha alfajiri

Tukaamua vikao vyetu viache kuwa vya Jumamosi saa tano mgahawani. Fuso la madafu kutoka Mkuranga hushusha alfajiri, na wauzaji husubiri zamu zao pale. Tulikwenda saa kumi na nusu tukiwa na birika la kahawa na kashata. Kwanza walidhani tunatafuta kura.

Tulikuja na pendekezo tulilokuwa tunajivunia: nguzo fupi za zege kwenye kila mwanzo wa ukanda, zimekaribiana kiasi kwamba pikipiki haipenyi. Mzee wetu alikuwepo, na magongo yake mawili. Akauliza nguzo zitaachana kiasi gani. Hatukujua. Akaagiza kamba. Tukapima baiskeli ya jirani yake iliyokuwa imeshapakiwa, kutoka ubavu wa tenga hili mpaka ubavu wa lile: sentimita 96. Kisha tukapima usukani wa bodaboda aliyekuwa amemleta mtu pale: sentimita 77.

"Sasa nguzo yako itakayomzuia huyu," mzee akasema, "mimi itanizuia mara ngapi?"

Karatasi ile niliikunja nikaiweka mfukoni. Kama isingekuwa kamba ile, tungeomba nguzo, huenda tungepewa, na tungepiga picha mbele yake.

Kwa bodaboda tulikwenda baadaye kidogo. Mwenyekiti wa kijiwe alikataa kutuona mara mbili. Mara ya tatu tulifuatana na mzee, mtu waliyembeba kwa mikono yao, na hapo walitupa benchi. Tulianza kwa kuomba radhi kwa mgambo, bila "lakini". Ndipo wakatueleza jambo ambalo tungelijua mwaka mzima kabla kama tungeuliza. Kijiwe chao cha zamani kilikuwa chini ya mwembe. Upanuzi uliukata mwembe, na kwenye michoro mipya hapakuwa na sehemu ya bodaboda hata moja. Walihamia kwenye vitofali kwa sababu ndipo abiria anaposhuka kwenye daladala na kuwaona. Walichotaka ni vitu viwili: kivuli, na kuonekana.

Tulichoomba, na kwa nini hicho tu

Hapa ndipo kazi ya kweli ilipofanyika, na ilikuwa ya mezani. Tuliyagawa madai yetu mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kasoro. Mikataba ya ujenzi huwa na kipindi cha uangalizi baada ya makabidhiano, mara nyingi miezi 12, ambacho mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama yake. Kwa tarehe za kwenye bango, ilielekea kipindi hicho hakijaisha. Tukaandika kwa mwenye barabara, safari hii mwenyewe hasa, kuomba vitu viwili: tarehe ya makabidhiano, na mchoro wa makutano ya ukanda na mitaa ya pembeni. Tuliitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayozitaka ofisi za umma zijibu ndani ya siku 30. Jibu lilikuja ndani ya muda. Ilibaki miezi mitano, na mchoro ulionyesha mteremko wa zege kwenye kila mtaa wa pembeni. Kwa maneno mengine, ule ukingo ulikuwa haujafuata mchoro. Hatukuwa tena watu wanaoomba hisani. Tulikuwa tunaomba kilichokwisha kulipiwa.

Barua yetu ya pili ilikuwa ukurasa mmoja: sehemu saba, kila moja na kipimo na picha yake. Neno "wavamizi" halikuwemo, wala "tunalaani".

Fungu la pili ni nyongeza: mahali pa bodaboda, na kusogeza kibanda cha abiria ili ukanda upite nyuma yake badala ya chini ya benchi. Haya yanataka bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mapendekezo ya mitaa yanakusanywa mwishoni mwa mwaka wa kalenda unaotangulia. Barua yetu ya mwanzo, tuliyoipeleka Februari tukidhani tumewahi, ilikuwa imechelewa. Safari hii tulianza Oktoba kwenye mkutano wa mtaa, hoja ikapanda mpaka Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Aliyeisimamia kwenye mkutano wa mtaa alikuwa mwenyekiti wa bodaboda. Alizungumza dakika tatu. Mimi ningezungumza ishirini.

Kuna jambo moja tuliliacha nje, na mpaka leo sina hakika kama tulifanya vizuri. Vijana wa kikundi walitaka tudai mwendo wa kilomita 30 kwa saa karibu na soko na shule. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye makazi. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani linataka 30 pale watu na magari wanapochanganyika, na sababu yake si ya kubishaniwa: anayegongwa na gari la 30 kwa kawaida hupona, wa 50 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Mimi nilipinga. Nilihofia ombi kubwa litaimeza miteremko ya zege. Vijana wawili walijitoa kwa sababu hiyo, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anaandika vizuri kuliko sisi wote.

Kilichopatikana

Mhandisi alikuja kuona. Alivaa shati jeupe, akaanza kutueleza mambo ya viwango. Mzee akamwomba, kwa heshima zote, asukume baiskeli moja yenye mzigo kutoka kwenye maduka mpaka mtaa wa pili. Alikubali akicheka. Mita mia za kwanza aliendelea kucheka. Alipofika kwenye ukingo akasimama, akajaribu kuinua gurudumu la mbele, tenga likaegemea upande, madafu mawili yakadondoka mtaroni. Akaishikilia baiskeli kwa kiuno, hawezi mbele wala nyuma, mpaka bodaboda wawili walipokuja kumpokea. Hakusema kitu. Akatoa kijitabu, akapima kwa futi yake mwenyewe, akaandika.

Kati ya sehemu saba, tano zilitengenezwa ndani ya wiki nane. Ya sita iliwekewa mteremko mkali mno. Ukiushuka na mzigo unahitaji dua. Ya saba tuliambiwa haimo kwenye mchoro, na kweli haikuwemo.

Bodaboda walipewa kipande cha hifadhi ya barabara mkabala na kituo, kwa barua ya ruhusa ya muda. Paa walijenga wenyewe, bati kumi na mbili za michango yao. Ukanda waliuacha bila mgambo. Siku za mvua kubwa baadhi hurudi chini ya baraza la duka la dawa, na hakuna anayewasema.

Mama wa mboga aliisogeza meza yake nyuma hatua mbili baada ya kuzungumza naye. Aliniuzia mchicha tena, kwa bei ya juu kidogo. Nalipa.

Kirikuu hazijatoka. Wenye maduka walikubali kupakia kwa uani. Makubaliano yanashika mpaka kama saa tatu asubuhi, biashara ikichanganya yanalegea. Kibanda cha kituo hakijasogezwa: nyuma yake kuna nguzo ya umeme na bomba kubwa la maji, na kuvihamisha kunagharimu kuliko miteremko yote tuliyopata.

Kwa fundi, tangu zege limwagwe, hakuna rimu mpya kutoka mtaa wa pembeni. Kutoka kituoni zimekuja mbili. Rimu si takwimu, mtu anaweza akahamia kwa fundi mwingine, lakini ndicho kipimo tulichonacho.

Uchambuzi

Msafara nimeusema vibaya hapo juu, nirekebishe. Mhandisi alipotuona alisema, "Nyie ndio wa fulana za kijani kwenye televisheni," na mlango ukawa rahisi. Ulichokosa msafara ni ombi linaloweza kutekelezwa na mtu fulani tarehe fulani. Waholanzi wanatajwa sana kwenye mambo haya: mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, watoto wakiwa zaidi ya 400, na wazazi wakajaa mitaani mpaka serikali ikabadili mwelekeo. Lakini wale waliojaa mitaani ndio waliokuwa wanafiwa. Sisi tulijaa mitaani kwa niaba ya watu waliokuwa kazini saa ile, na hatukuwa tumewauliza wanataka nini.

Kuondoa watu kulishindikana kwa sababu ya kiufundi zaidi ya huruma. Ukanda uliokatika ni kama ngalawa yenye tundu moja. Haisaidii kwamba mbao nyingine ni nzima. Sevilla, Hispania, walipojenga njia zao kuanzia mwaka 2006 walimwaga kama kilomita 80 zilizoungana kwa mkupuo, na watu wakaanza kuendesha. Sisi hatukuwa na uwezo wa kilomita 80. Tulikuwa na uwezo wa kutafuta matundu saba, na tungeyaona mapema kama mmoja wetu angesukuma baiskeli ya mzigo kabla ya kuandika barua ya kwanza.

Kuhusu ushahidi, kikundi kinachoanza leo kisisubiri daftari la polisi lijae. Kumalizana kutaendelea, maana aliyevunjika mguu anataka hela ya wiki hii. Nenda kwa fundi baiskeli, kwa muuza duka la dawa anayefunga vidonda, kwa dereva wa bajaji anayekimbiza majeruhi. Waulize wapi. Swali la nani mwenye kosa liache, maana ukilianza nalo mazungumzo yanaishia hapo.

Gharama ya kazi hii hatukuiandika popote, na tulikosea. Nakala, nauli, vocha, siku za kazi zilizopotea kwenye mabenchi ya ofisi: zilibebwa na watu wanne. Kikundi kilichoanza na fulana nyingi kilimaliza na wanaokaa mkeka mmoja. Sijui kikundi kinachozuia hilo, lakini angalau tungegawana nauli.

Kosa ninalolirudia kichwani halihusu barabara. Kisa cha mzee tulikisimulia kwa diwani, kwa televisheni, kwa mhandisi, kwenye kila barua. Kwa mwaka mzima hakuna aliyekaa naye kumwuliza kama anataka msaada wa kufuatilia fidia ya bima. Tulikuwa na mwanasheria kwenye kikundi, anaendesha baiskeli ya gia ishirini na moja. Tulipokuja kulizungumza, mzee alisema alishakubaliana na wale watu na hawezi kurudi kwenye neno lake. Mguu ulipona ukiwa umepinda kidogo kwa nje.

Anaendesha bado. Wiki iliyopita nilimkuta kituoni ameshuka, anasukuma zile hatua kumi na nane za lami mpaka vitofali vinapoanza tena. Konda alikuwa anapiga bati, "Mzee, pisha, pisha!" Kijana mmoja akatoka chini ya paa la bati ng'ambo, akasimama katikati ya barabara na mkono juu mbele ya daladala, akabaki hapo mpaka tenga la nyuma lilipopita.